Hita ya stima kwa chumba baridi: Tazama haya kabla ya kununua

Kati ya Juni na Agosti, wakazi wa Nairobi na miji mingine ya nyanda za juu hutetemeka usiku, na wanaoumia zaidi ni wapangaji wa vyumba vya chini. Iwapo jumba lenu limejengwa mteremkoni, huenda ukuta mmoja wa chumba chako umeegemea udongo na haupati jua mwaka mzima.

Wengi huingiza jiko la makaa ndani, wakafunga madirisha na kulala. Hiyo ni hatari kubwa, msomaji. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini, hushikamana na damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea, lakini aliyelala hawezi kuzitambua. Usidhani makaa yakishakuwa mekundu bila moshi hayana madhara. Hayo ndiyo huua.

Hita ya stima haitoi gesi hiyo. Je, ununue ya aina gani?

Ile ya feni ni ya bei nafuu na hupasha chumba joto haraka, ila ina kelele, na ukiizima tu baridi hurudi. Yenye vyuma vinavyowaka vyekundu humfaa mtu aliyeketi mbele yake; mimi singeiweka palipo na watoto wadogo au karibu na neti ya mbu. Iliyojazwa mafuta huchelewa kupata moto, lakini haina sehemu inayowaka na huhifadhi joto hata baada ya kuzimwa. Kwa chumba cha kulala, hii ndiyo bora.

Wauzaji watakwambia ya mafuta hula stima kidogo. Usidanganyike. Hita yoyote ya wati 2,000 ikiwaka saa moja mfululizo hula yuniti 2. Zidisha kwa bei ya yuniti iliyo kwenye risiti yako ya tokeni. Kinachookoa pesa ni themostati, yaani kifaa kinachozima hita chumba kikishapata joto na kuiwasha tena kikipoa. Hakikisha ipo. Ulizia pia kama hita hujizima yenyewe ikianguka.

Kuhusu ukubwa, kadirio la kawaida ni wati 100 kwa kila mita mraba. Chumba cha futi 10 kwa 10 kitatoshwa na wati 1,000, au 1,500 ikiwa ukuta umeegemea udongo. Si lazima ujioke. Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza nyumba katika msimu wa baridi isipungue nyuzi 18 za Selsiasi, na wenye watoto wachanga, wazee au wagonjwa wa pumu huenda wakahitaji zaidi kidogo.

Chomeka hita moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Hita ya wati 2,000 huvuta zaidi ya ampea 8, na waya mwembamba wa ekstensheni, hasa uliokunjwa, unaweza kuyeyuka na kuwasha moto. Plagi ikiwa moto mkononi, zima na umwite fundi. Mapazia na blanketi yakae umbali wa mita moja, na usianike nguo juu ya hita.

Ukuta ukiwa na ukungu, hita pekee haitauponya. Fungua madirisha mchana, kisha umwambie mwenye nyumba azibe panapopenya maji. Jiko la mafuta taa huzidisha unyevu huo, kwani kila lita inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji hewani.

Tokeni zikiisha usiku wa manane, ongeza blanketi, wala usirudishe jiko ndani. Ukimkuta mtu amezidiwa na gesi ya makaa, fungua mlango, mtoe nje, umkimbize hospitali akapewe oksijeni. Maziwa, ambayo wengi hukimbilia kumnywesha, hayaiondoi gesi hiyo kwenye damu, na aliyezirai yanaweza kumpalia.