Tawi Kuwa na Seva Yake ya Barua Pepe



Katika matawi mengi katibu angali anaandika barua za chama kwa anwani ya barua pepe aliyopewa na mwajiri. Orodha ya wanachama, malalamiko ya wachuma chai, hoja za kupeleka kwenye majadiliano ya mishahara, vyote hulala ndani ya mashine ya mwajiri, na mwenye mashine ndiye mwenye ufunguo. Wengine wamehamia anwani za bure za makampuni ya ng'ambo, ambayo yaweza kulifunga sanduku lako bila kukuuliza. Je, tawi laweza kuweka seva yake nyumbani kwa katibu? Twajibu kwamba laweza, ila si kazi ya jioni moja.

Seva ni kompyuta isiyozimwa. Hata kompyuta kuukuu yatosha kwa tawi dogo. Ndani yake huwekwa mfumo wa Debian, kisha programu mbili. Postfix, iliyotolewa kwanza mwaka 1998, ndiye tarishi: hupokea barua na kuzipeleka. Dovecot ni karani: hutunza masanduku na kumpa kila mtu barua zake anapozifungua kwa simu. Zote tatu ni za bure.

Kinacholipiwa kila mwaka ni jina, yaani domeni. Liandikishwe kwa jina la chama, si la katibu. Katibu aweza kufukuzwa kazi au kuhama, na jina likaondoka naye. Katika daftari la majina la intaneti, yaani DNS, huandikwa rekodi ya MX inayoeleza barua za jina hilo zipelekwe mashine gani. Umeme ukikatika msishtuke. Kanuni za kupeleka barua, zilizoandikwa mwaka 1982 na kurekebishwa mwaka 2008, zamtaka mpelekaji aendelee kujaribu kwa siku 4 au 5 kabla ya kuirudisha barua.

Lakini angalieni laini yenu kwanza. Makampuni mengi ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya IP kwa pamoja, na hapo hakuna barua itakayoweza kuufikia mlango wenu. Ni lazima kuomba anwani yenu peke yenu, isiyobadilika, na huenda mkatozwa zaidi.

Taabu kubwa ni barua za kutoka. Barua kati ya seva na seva hupita mlango namba 25, na makampuni mengi ya intaneti huufunga kwa wateja wa majumbani ili kuzuia barua taka. Hata ukifunguliwa, anwani za majumbani huandikwa katika orodha za kutoaminiwa, kama ile ya Spamhaus, na barua yenu hukataliwa kabla haijasomwa. Tena, tangu Februari 2024 Google na Yahoo zadai kila mpelekaji awe na SPF, ambayo ni tangazo la mashine zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu, au DKIM, ambayo ni muhuri juu ya kila barua. Sisi twasema wekeni zote mbili. Zadai pia anwani ya IP ikiulizwa itaje jina la seva, na jambo hilo hulifanya kampuni ya intaneti, si ninyi.

Kwa hiyo kwa anayeanza twapendekeza hivi: barua zipokewe na kuhifadhiwa nyumbani, lakini za kutoka zipitie kampuni ya kupeleka barua, kwa mlango namba 587. Kampuni hiyo yaweza kuiona barua inapopita, nasi hatulifichi hilo. Hata hivyo, hifadhi yote ya miaka yabaki kwenu.

Jambo moja lisisahauliwe: seva isikubali kumtumia barua mgeni yeyote asiye na neno la siri. Wezi wa barua taka huzitafuta seva zilizo wazi mchana na usiku, na wakiipata yenu jina la chama litachafuka duniani kote. Nakala ya barua zote itunzwe katika nyumba nyingine, na watu wawili wajue kuiendesha seva.

Anzeni na anwani moja ya majaribio kwa miezi mitatu, huku ile ya zamani ikiendelea. Orodha ya wanachama iwe ya mwisho kuhamishwa.