Mzazi akilia bila sababu, msiseme anadeka

Siku ya tatu au ya nne baada ya kujifungua, mama anaanza kulia. Mtoto ni mzima, chakula kipo, ndugu wamejaa nyumbani. Wapo watakaosema anadeka, wengine watasema karogwa.

Ukweli uko mwilini. Wakati wa ujauzito homoni za estrojeni na projesteroni hupanda sana, kisha hushuka ghafla kondo la nyuma likishatoka. Homoni hizo hugusa pia sehemu za ubongo zinazoongoza hisia, ndiyo maana moyo wa mzazi huyumba. Kukosa usingizi huzidisha. Hali hii huwapata kinamama wengi na kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki 2.

Ikizidi hapo, huenda ni sonona. Vinasaba navyo vina nafasi: ambaye mama au dada yake aliwahi kuugua yuko kwenye hatari zaidi, ingawa si lazima naye augue.

Baba, pokea mtoto usiku mwenzako alale. Na akianza kumkwepa mtoto au kuzungumzia kufa, msisubiri arobaini. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Sonona inatibika.