Kwa Nini Uzi wa Kioo?

Ndugu wanachama, mwauliza kwa nini kompyuta ya ofisini iunganishwe na ya ghalani kwa faiba, yaani uzi wa kioo, hali waya wa shaba ni rahisi na hufika meta 100. Ghala li karibu, kweli. Lakini shaba hupitisha umeme: radi ikipiga, yaweza kuunguza mashine za pande zote mbili pamoja na hesabu za mizani yenu. Kioo hupitisha nuru tu.

Waliofika Dodoma wamekiona Chuo Kikuu kilichoanzishwa 2007, majengo yametawanyika vilimani. Huko shaba haifiki, na mvua za Disemba hadi Aprili zina radi. Mkongo wa Taifa upitao mji huo ni kioo hicho hicho.

Tusinunue tu wenye ganda la chuma, maana chuma nacho hupitisha umeme. Ndani ya ofisi, shaba yatosha.