Dere, Lori Lako ni Refu Kuliko Unavyodhani

Kama umekulia Eastlands, honi ya treni ni kelele tu kama zingine. Makanga anaita watu, spika ya mhubiri inalia, treni inapiga honi, na hakuna anayegeuza shingo. Pale Mutindwa na Githurai watu hutembea juu ya reli kama vile ni njia ya mkato ya kwenda stejini. Treni ikija wanasogea kidogo, ikipita wanarudi. Tumeizoea hadi tunaichukulia kama mzee wa mtaa asiye na maneno na mtu.

Sasa toa huyo mtu anayeweza kuruka kando, uweke hapo lori la tani 56.

Tani 56 ndio uzito wa juu kabisa ambao sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori na mzigo wake kuwa nao barabarani. Trela la kubeba kontena lina urefu wa karibu mita 17. Dere akiwa kwa kiti chake tayari amevuka reli, anaona lami mbele, roho imetulia. Lakini nyuma yake bado kuna kontena zima liko juu ya vyuma.

Mimi sikumaliza chuo, lakini hesabu inayofuata haitaki digrii. Lori limesimama kabla ya reli, limejaa mzigo, linaanza na gia ya kwanza. Tuseme linachukua sekunde 15 hadi mkia utoke upande wa pili. Treni inayokimbia kilomita 60 kwa saa inakula karibu mita 17 kila sekunde. Zidisha mara 15. Unapata kama mita 250, yaani viwanja viwili na nusu vya mpira. Kwa hivyo dere anapoachilia klachi, treni ambayo kwake inaonekana bado iko mbali sana tayari imeshamhesabia.

Utasema treni ifunge breki. Itafunga, lakini magurudumu yake ni chuma na kinachokanyagwa ni chuma, hakuna raba ya kushika lami. Treni ndefu ya mizigo ikiwa kwa kilomita 90 kwa saa inaweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja na nusu ndio isimame. Zetu za reli ya zamani ni fupi na hazikimbii hivyo, lakini hata hizo hazisimami kama Probox. Na haina usukani wa kukwepa. Dereva wa treni akikuona umekwama, anapiga honi, anafunga breki, halafu anabaki kutazama. Hebu jiweke kwa kiti chake hizo sekunde.

Kuna kitu kingine ambacho macho yanatufanyia. Ukiwa Mombasa Road ukiona ndege inashuka JKIA, si huwa inaonekana kama inaelea tu, haina haraka? Ile ndege iko na kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Kitu kikubwa kikija kutoka mbali, ubongo hukisomea kasi ndogo kuliko ile kiko nayo. Ndivyo pia kwa treni. Dere anaangalia, anaona “bado iko huko,” anaingia. Si lazima awe mlevi, na si lazima awe mjinga.

Nairobi tulishaona matokeo. Asubuhi ya Oktoba 30, 2013, treni iligonga basi la abiria pale Mutindwa na watu wasiopungua 11 wakafa. Agosti 2025, ikawa Naivasha, basi la wafanyakazi na treni ya mizigo, na tukazika tena. Hayo yalikuwa mabasi, sawa. Lakini basi ni binamu ya lori: ni refu, ni zito, linachelewa kuchomoka. Na kila ajali ikitokea mitandaoni tunaimba wimbo mmoja, dere ni mzembe. Wakati mwingine ni kweli, na sitamtetea anayeshindana na treni. Ila nina swali kwako wewe uliye nyuma yake.

Lori likisimama kabla ya reli kungoja foleni ya mbele isonge, wewe hufanya nini? Unapiga honi. Wa boda anapita kando akitukana, mathree inapanda ukingo iingie ile nafasi. Dere aliyesimama vizuri anaanza kuonekana fala. Anasonga mita tano, jam inakatika mbele, na sasa kichwa kiko ng’ambo na tumbo liko kwa reli. Kanuni ya malori ni rahisi: usiingie kama huoni nafasi ya gari lako lote upande wa pili. Lakini kanuni hiyo inahitaji watu wa nyuma wenye subira, na hao ni mimi na wewe.

Tusijidharau pia, eti haya ni mambo ya nchi maskini. Juni 27, 2022, huko Mendon, jimbo la Missouri, Marekani, treni ya abiria iliyokuwa ikitoka Los Angeles kwenda Chicago iligonga lori la kubeba mawe. Watu wanne walikufa, akiwemo dere wa lori, na wengine wengi wakaumia. Kivukio hicho hakikuwa na lango wala taa, kilikuwa na kibao tu cha kusimama. Wachunguzi walisema lori liliingia bila kusimama, lakini wakaongeza kwamba barabara yenyewe ilipanda kwa mwinuko mkali na kukata reli kwa pembe mbaya, hivyo dere alikuwa na kazi ngumu kuona treni. Hayo maneno ya pili ndiyo huwa hayasemwi huku kwetu.

SGR ilipoanza kubeba abiria 2017, ilikuja na madaraja: gari linapita chini au juu, na treni inaendelea na safari yake. Ile reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901, ilipangwa kabla ya jam kuwepo. Mji ndio uliikuta hapo ukaizunguka. Kujenga daraja kila mahali ni pesa ndefu. Lakini kuna kitu cha bei ndogo Marekani tunachoweza kuiga: pale kwa kivukio kunawekwa kibao cha buluu chenye nambari ya simu na nambari ya kivukio chenyewe. Lori likikwama, unapiga, unataja nambari, wanaosimamia treni wanaambiwa. Hebu pitia kivukio cha karibu na kwenu leo uone kama kuna simu ya kupiga. Kibao na rangi, si mkopo wa Uchina.

Kwa dere anayesoma hii akingoja kupakia: punguza muziki, teremsha kioo, tumia gia ndogo na usibadilishe gia ukiwa juu ya reli, maana hapo ndipo injini huzima. Kama unavuta trela la chini, lile la kubeba tingatinga, angalia mwinuko kwanza, kwa sababu tumbo likikalia reli huondoki bila msaada.

Ukikwama na treni inakuja, toka. Najua unalipwa kwa safari, najua mwenye lori atauliza mbona uliacha mzigo. Toka tu. Kisha kimbia mbali na reli, lakini kwa mshazari kuelekea upande ambako treni inatokea. Inasikika kama wazimu, ila lori likigongwa vipande hurushwa kule treni inakoelekea, na ukikimbilia huko vitakukuta njiani. Mwambie na tanboi mapema, kwa sababu mara nyingi wakati huo ndiye huwa amelala.