Nyanya ipi itasimama shambani kwako?

Hapa Shelui nyanya ni fedha. Barabara kuu ya Singida kwenda Nzega inapita hapa, na wanunuzi hawakosi. Lakini miche ikinyauka na matunda yakiwa mabichi, utauza nini?

Chunguza kwanza. Je, majani ya chini yamekuwa manjano, pengine upande mmoja tu? Pasua shina karibu na ardhi. Ukiona mistari ya kahawia chini ya ganda, shuku mnyauko wa fuzari. Huu ni ukungu. Hukaa udongoni miaka mingi na hupenda joto. Kumwagia maji ni kazi bure, na dawa ya kunyunyiza majani haiufikii.

Kinga yake ni mbegu. Mwaka 1997 kituo cha utafiti cha Tengeru, Arusha, kilitoa mbegu iitwayo Tengeru 97, ambayo inastahimili mnyauko huo. Usikubali kwa maneno yangu tu, jaribu. Panda mistari miwili ya Tengeru 97 na miwili ya mbegu uliyozoea. Ipishanishe, ili sehemu yenye udongo mbaya isiionee mbegu moja. Maji yawe sawa, samadi iwe sawa. Kila Jumamosi hesabu miche iliyonyauka, uandike kwenye daftari. Kuandika si umekwisha jua?

Kustahimili fuzari si kustahimili kila ugonjwa. Bakajani huweza kuishika hata Tengeru 97, hasa wakati wa mvua. Miche iliyonyauka ing'oe pamoja na mizizi, uichome moto. Mbegu za mwakani kamua kwenye matunda ya miche mizima tu.