Mtu Ashindwapo Kumeza

Mara nyingi twasikia watu wakisema juu ya mgonjwa asiyeweza kumeza: "Amekabwa na jini," au, "Amerogwa." Maneno haya ni mepesi kuyatamka, lakini madhara yake ni mazito. Mgonjwa huzungushwa kwa waganga miezi mingi, na siku afikapo kwa daktari amekwisha kukonda na wakati mzuri wa dawa umempita. Kwa hiyo tumeona yafaa tuwaeleze wasomaji wetu asili ya maradhi haya na matibabu yake.

Umio ni njia ya chakula itokayo kooni mpaka tumboni. Urefu wake kwa mtu mzima ni kiasi cha sentimita 25. Tonge la ugali halishuki kwa uzito wake tu, bali misuli ya umio hulisukuma. Chini kabisa upo mlango wa misuli, ambao hulegea tonge lipite, kisha hujifunga.

Maradhi ya kwanza ni ya mlango huo, nayo huitwa akalasia. Chembe za fahamu ziamrishazo misuli hufa, umio ukapoteza nguvu na mlango ukakataa kulegea. Si maradhi ya kila siku: katika watu 100,000 hupatwa kiasi cha mtu mmoja kwa mwaka. Dalili yake ni kwamba chakula na maji vyote hukwama, na usiku chakula hurudi mdomoni kama kilivyomezwa, mgonjwa akakohoa. Chembe zilizokufa hazifufuki, lakini mlango waweza kufunguliwa, ama kwa kuutanua kwa puto, ama kwa kuikata misuli yake, upasuaji ulioanzishwa na Ernst Heller wa Ujerumani mwaka 1913.

Maradhi ya pili ndiyo ya kuogopwa zaidi kwetu, nayo ni saratani ya umio. Nchi za mashariki ya Afrika, tangu Ethiopia na Kenya hadi Malawi, zina wagonjwa wengi kuliko sehemu nyingi za dunia, na Tanzania imo katikati yake. Kwanza hukwama tonge la ugali, kisha wali, kisha uji, mwisho hata maji, na mwili hupungua upesi. Miongoni mwa sababu zake ni tumbaku na pombe. Tena mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitamka kwamba kinywaji chenye joto lipitalo digrii 65 yamkini huleta saratani hii. Basi, enyi mama wa nyumba, chai na uji wa futari viacheni vipoe kidogo kabla ya kumpa mtu, kwani mwenye njaa hana subira.

Saratani ikigunduliwa mapema, yaweza kukatwa, au kutibiwa kwa mionzi na dawa, kama ifanywavyo katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Ikichelewa, madaktari huweza kuweka bomba la waya ndani ya umio ili mgonjwa apate kula. Kazi hii imefanywa sana katika hospitali ya Tenwek, Kenya.

Sababu ya tatu yaweza kuzuiwa nyumbani. Kostiki ya kutengenezea sabuni, mtoto akiinywa, huunguza umio, na kovu lake huuziba. Msiiweke katika chupa ya soda. Akiinywa, msimtapishe, mkimbizeni hospitali.

Sisi wa Mtowisa twajua kwamba kupanda mlima wa Lyamba lya Mfipa hadi Sumbawanga kwahitaji nauli na nguvu. Lakini mtu akikwamwa na chakula majuma mawili, asingoje mavuno ya mpunga. Na aende kituo cha afya, aombe kupelekwa kwenye hospitali yenye kipimo cha kamera ya umio. Dua ya wazazi na imfuate njiani. Isiwe sababu ya kumweka nyumbani.