Kuandika Ukatili katika Insha ya Kubuni

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kusahihisha insha ambamo watu saba wanauawa katika ukurasa mmoja. Mapanga yanameremeta, damu inatiririka kama mto, kisha mtahiniwa anaanza aya nyingine. Ukimaliza kusoma, humkumbuki hata marehemu mmoja. Aghalabu tatizo si lugha bali ni kuwa msomaji hakupewa mtu wa kumlilia.

Vitabu tulivyofundisha vinatuonyesha njia. Katika riwaya ya Chozi la Heri (2014) ya Assumpta Matei, iliyotahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022, twampata Ridhaa mwanzoni akitazama moshi. Jumba lake limeteketezwa, jamaa zake wakiwa ndani. Hatuanzi na moto bali na mtu aliyebakia. Chanzo twakipata baadaye kwa mbinu rejeshi, na uchungu unazidi tunapojua kuwa mhusika mkuu wa uovu huo ni jirani yake, Mzee Kedi.

Hali kadhalika katika Kifo Kisimani (2001), tamthilia ya Kithaka wa Mberia, Mwelusi anauawa na nduguye Gege, aliyeahidiwa kumwoa binti wa mtawala. Kwa kuwa twaujua undugu huo na tamaa hiyo, kifo kimoja chatosha.

Mtahiniwa, zingatia haya:

1. Mjulishe msomaji mhusika kabla ya kumdhuru. Alikuwa akifanya nini? Nani alikuwa akimngoja?
2. Onyesha sababu. Ukatili usio na chanzo ni kelele tu.
3. Teua taswira moja ndogo badala ya majeraha kumi.
4. Tumia sentensi fupi wakati wa tukio. Tashbihi zilizochakaa hupunguza makali.
5. Usiyasahau matokeo.

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kuhusu uvamizi wa wezi wa mifugo. Hakutaja risasi hata moja. Alieleza jinsi mama alivyoendelea kufunika sahani ya ugali ya mwanawe kila jioni kwa juma zima. Darasa lilinyamaza nilipoisoma.

Mwisho, mwalimu, kumbuka kuwa huenda darasani yumo aliyeyaona haya kwa macho yake. Usimlazimishe kuyasimulia. Akiyasimulia kwa hiari, weka kalamu nyekundu chini kwanza, umsome kama mtu, ndipo usahihishe ngeli.